Ukurasa wa Mashamba

Mimi ni mtu wa kinyongo. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nasimulia haya kwa moyo mweupe. Ukinikosea leo, mwakani nitakukumbusha siku, saa na shati ulilovaa. Ndiyo maana tulielewana na Mwanvita tangu alipokuja mara ya kwanza kwenye kibaraza changu cha cherehani pale Mwembesongo, Morogoro mjini, akaomba mabaki ya vitambaa. Nilidhani anataka kujaza mto. Akasema anataka kujifunza rangi.

Alikuwa binti wa Mkuyuni, jina lake kamili Mwanvita Pazi. Baba yake alifanya kazi kiwandani mjini miaka kumi na minane, mpaka kiwanda kikauzwa, geti likafungwa, na wanaume wakarudi vijijini kupanda mananasi waliyokuwa wameshasahau namna ya kuyapanda. Mwanvita alibaki mjini kwa shangazi yake. Kidato cha nne alimaliza, lakini kwa matokeo ya kumfikisha mlangoni tu. Mwaka 2002 ilipofunguliwa intaneti kwenye chumba cha lililokuwa duka la ushirika, alipata kazi ya kufagia, kufuta vumbi na kuwaambia wateja kwamba nusu saa yao imekwisha. Kwenye rafu zile zile za sukari na sabuni ambazo mama zetu walizipangia foleni, sasa zilikaa kompyuta tano.

Kompyuta namba nne hakuna mteja aliyeitaka, wala mwenye duka la intaneti hakujisumbua kuifunga kwa neno la siri kama nyingine. Kioo chake kilikuwa kimeharibika, kila kitu kilionekana cha kijani. Mwanvita alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na funguo za kufagia, akafagia kwa dakika kumi, na muda uliobaki akautumia kwenye namba nne. Alikuwa amekuta sidii ya programu ya kutengenezea websaiti. Ilikuwa ya kuchora kwa macho: unaburuta picha unaiweka hapa, maneno unayaweka pale, programu yenyewe inaandika yale mambo ya ndani yasiyosomeka. Shida ilikuwa kile kioo. Nyekundu ilionekana matope, njano ilionekana ndimu mbichi. Hivyo rangi zake alizijaribu kwanza kwenye meza yangu kwa vitambaa, akaandika kwenye daftari namba ambayo programu huipa kila rangi, kisha akarudi kuziweka kwenye ukurasa bila kuziona. Alibuni kama kipofu, kwa kumbukumbu ya vitenge vyangu.

Aliniuliza maswali ambayo mteja haniulizi. Kwa nini hizi mbili zinagombana? Kwa nini ua kubwa linapendeza kwenye shuka na linachusha kwenye gauni la mtoto? Nikamwambia nilichokijua, kwamba macho yanahitaji pa kupumzikia, na kwamba fundi asiyeacha nafasi ya mshono nguo yake itambana mwenyewe. Siku tatu baadaye alikuja akicheka, akasema ameacha nafasi ya mshono pande zote za ukurasa na sasa maneno yanapumua.

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa wakulima wa viungo wa kwetu Matombo. Mimi ndiye niliyempeleka. Mama yangu, Yustina, ni mmoja wao. Analima pilipili manga na mdalasini, na migomba ya kutosha. Kulikuwa na mradi mmoja kutoka Dar uliotaka viungo vyetu vijulikane nje, na Mwanvita akasema wakati mradi unaongea, yeye atatengeneza. Alipanda malori ya ndizi akiwa na kamera ya kuazima, akapiga picha za pilipili ikianikwa kwenye mikeka na za mikono ya wanawake wakibandua magome. Kazi hiyo ilimchukua miezi minne, na kule mlimani walimjua kama binti wa picha tu.

Jumamosi alasiri tulikuwa na jambo lingine. Mzungu mmoja wa kujitolea, alipokuwa akirudi kwao, aligawa vitu vyake pale intaneti. Wengine walipata viatu, Mwanvita akapata kitabu kinene chenye picha za majoka na kimfuko cha dadu zenye pande nyingi kuliko dadu za ludo. Alikisoma miezi miwili na kamusi pembeni. Majoka akayafukuza, akabaki na namna ya kucheza. Watu wanne wanaketi mezani. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana karatasi ya mtu wake, imeandikwa nguvu zake, akili zake na alichobeba. Msimulizi anakwambia uko wapi na mbele yako kuna nini, wewe unasema utafanya nini, na jambo likiwa la mashaka bahati inaamua.

Shangazi yake aliziona zile dadu, akasema nyumbani kwake hakuchezwi kamari, akazitumbukiza chooni. Mwanvita hakubishana naye. Aliokota vizibo ishirini vya soda, akaviandika namba kwa rangi yangu ya kucha, akavitia ndani ya kopo la siagi. Ukivuta kuanzia kumi na mbili umefaulu, chini ya hapo shauri yako. Akatutungia Uluguru ya zamani sana, misafara ikipita bondeni, watu wakikimbilia mlimani kwa ajili ya vita, koo zikigawana vijito. Mimi nilikuwa mwanamke wa dawa, mkali. Twalibu, fundi baiskeli wa jirani, alikuwa mpagazi mwoga aliyeogopa hata kivuli cha mzigo wake, na alimwigiza vizuri mno. Watu walisimama barabarani kutusikiliza.

Mwanvita mezani alikuwa mtu mwingine. Binti aliyeongea kwa sauti ya chini na wateja, pale alikuwa mvua, chui na jumbe wa kijiji kwa zamu. Siku moja nilimuuliza mbona hatuambii njia iliyo sahihi. Akasema msimulizi mbaya anamsukuma mchezaji, mzuri anamwekea mlango kisha ananyamaza. Mtu akishajua humsukumi, alisema, anakuonyesha alivyo.

Aliyetuonyesha zaidi alikuwa Leonard. Huyu alikuwa mwalimu wa kompyuta, mwenye duka alimleta kutoka Dar kufundisha madarasa ya jioni. Shati ndani, funguo kiunoni, Kiingereza kwa watu wasiokijua. Alitusikia tukicheka, akavuta kiti. Mtu wake alikuwa mwindaji. Siku moja mwindaji akaoa mwanamke wa mlimani karibu na kijito, na hata zamu haijaisha Leonard akaandika kwenye karatasi yake: shamba, moja, kubwa.

Msomaji wa mbali nimweleze. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa upande wa mama. Mwanamume akioa anakaribishwa kulima kwa mkewe. Akifa, au wakiachana, shamba linabaki kwa watoto wa ukoo ule, na mwenye kauli ni mjomba. Mtoto wake wa kwa mwanamke mwingine hana hata shina la mgomba mle. Hili hatufundishwi na mtu. Tumekua nalo.

Mwanvita akamwambia Leonard kwamba wajomba wa mkewe wanakuja, akamuuliza atasema nao nini. Leonard akajibu hana la kusema nao, mume ndiye mwenye nyumba. Akavuta kizibo, akapata tatu, wajomba wakamtoa na upinde wake. Twalibu alicheka mpaka akashika mbavu. Jumamosi iliyofuata Leonard akafanya vile vile kijiji kingine, na iliyofuata tena. Hakuuliza hata mara moja kwa nini. Kila akifukuzwa alisema mchezo una upendeleo.

Sasa nifike penye kuuma. Mwezi wa tatu 2003 ofisa wa mradi, Bi. Ester, alikuja Morogoro bila taarifa kuuliza kama mjini kuna mtu anayeweza kutengeneza websaiti. Mwanvita alikuwa ametumwa maji. Aliporudi na ndoo kichwani alikuta ukurasa wake umefunguliwa kwenye kompyuta namba moja, yenye kioo kizima, na Leonard amesimama pembeni akieleza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwanvita kuona rangi zake zilivyo. Leonard alikuwa akisema macho yanahitaji pa kupumzikia. Alikuwa akisema ameacha nafasi pembeni kama fundi anavyoacha mshono. Maneno yangu, kutoka meza yangu, aliyasikia Jumamosi tukiongea, na sasa yanatoka kinywani mwake kama amezaliwa nayo.

Bi. Ester akauliza yule binti ni nani. Leonard akasema ni wa usafi.

Kufikia jioni chini ya ukurasa pameandikwa kazi ya Leonard, na neno la siri la kuufungua limebadilishwa. Bi. Ester aliacha habari kwamba siku ya uzinduzi, mwezi wa sita, mtengenezaji atapewa nafasi ya kusoma usanifu wa kurasa Dar kwa miezi sita. Mwanvita akaenda kwa mwenye duka. Alijibiwa kwamba kwanza nani alimruhusu kugusa kompyuta, na pili mwalimu analeta wanafunzi ishirini, yeye analeta nini? Nakala alikuwa nayo kwenye flopi, lakini nakala yeyote anaweza kuwa nayo, na kati ya mwalimu na mfagiaji najua Bi. Ester angemwamini nani.

Alikuja kibarazani kwangu, akakaa, akaanza kupanga mabaki ya vitambaa kwa rangi. Nilimtukana Leonard na waliomzaa. Nilipendekeza dawa ya kuharisha kwenye chai yake. Nilipendekeza suruali aliyoniletea kupunguza niishone kwa uzi uliooza, ipasuke akiwa mbele ya darasa. Hilo la suruali nililitaka kweli. Mwanvita akatikisa kichwa.

"Sitaki aumwe, sitaki afukuzwe," alisema. "Nataka aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu, kwamba ile kazi ni yangu. Hilo tu, Theresia. Mengine sina haja nayo."

Nikamuuliza mtu kama yule atasemaje jambo lile. Akasema bado hajui, ila mtu anasema lolote akiona mlango mwingine umefungwa. Kisha akanishangaza, akasema Jumamosi tunacheza kama kawaida na Leonard aitwe.

Tukacheza. Wiki kumi nzima nilikaa meza moja na mwizi, nikimtazama anakula karanga zangu. Mwanvita alimsimulia kwa upole kama hakuna kilichotokea, akampa mwindaji wake mbwa, hata sifa akampa. Nilidhani ameogopa. Nilikasirika naye pia, nikamwambia, akanijibu kwamba anamsoma. Nyumbani alikuwa na daftari, na ndani yake ameandika kila alichofanya Leonard mezani: anaporuka mazungumzo, anapodanganya namba ya kizibo, anapokumbana na asichokijua. Asichokijua alikijaza mwenyewe, hakuuliza kamwe. Mwanvita aliiandika hiyo mara tisa.

Wiki tatu kabla ya uzinduzi, tukiwa mezani, Leonard aliuliza swali kama mtu anayejikuna. Bi. Ester alikuwa amemwandikia kwamba ukurasa mmoja bado hauna majina, ule wa mashamba, na wafadhili wanataka kuona kila shamba ni la nani na baadaye litaendelezwa na nani. Ukurasa ule Mwanvita aliuacha bila majina kwa makusudi. Leonard akasema katibu wa chama cha wakulima amempa orodha ya wanachama na watoto wao, sasa je, majina ayapangeje?

Nilimwangalia Mwanvita. Alikuwa anatikisa kopo la vizibo.

"Wewe si ndiye fundi, mwalimu," alisema. "Jaza unavyoona."

Akamgeukia Twalibu, akamwambia daraja lililo mbele yake limeoza. Mimi nilichukulia kwamba amekataa kumsaidia mwizi, nikaona amefanya sawasawa. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Uzinduzi ulifanyika ukumbi wa parokia Matombo, Jumamosi asubuhi, barabara ikiwa na matope ya mvua zilizochelewa kukatika. Jenereta la misheni liliwashwa, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na Bi. Ester akaja na laptopu na projekta. Leonard alimleta Mwanvita kubeba nyaya. Naam, alimfanya abebe nyaya za kuonyeshea kazi yake mwenyewe. Ukumbi ulijaa: wakulima, wake kwa waume, watoto madirishani, mama yangu mstari wa mbele na kitenge nilichomshonea, baba yangu Wilfred kando yake, na nyuma yao mjomba wangu Kobelo, kaka wa mama, ambaye ndiye mwenye kauli kwenye ukoo wetu.

Bi. Ester alimkaribisha Leonard. Leonard akashukuru, akaeleza ugumu wa kazi ile, akamaliza kwa kusema kila picha na kila herufi wataiona ukutani ameiweka kwa mkono wake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nilimtafuta Mwanvita kwa macho. Alikuwa ameketi sakafuni karibu na nyaya, ametulia, na uso ule niliujua. Ulikuwa uso wake wa Jumamosi, mchezaji anaposhika kitasa.

Picha zikapita, watu wakajiona, wakafurahi. Kisha ukaja ukurasa wa mashamba, na kwa kuwa wengi hawakuweza kusoma kwa mbali, Bi. Ester akausoma kwa sauti. Shamba la kwanza. Mahali: Matombo, karibu na kijito. Mwenye shamba: Wilfred. Mrithi: Ezekiel, mwana wa kwanza.

Wilfred ni baba yangu. Ezekiel ni mtoto aliyemzaa na mwanamke wa Turiani kabla hajamwoa mama.

Watu waligeukiana. Bi. Ester, ambaye ni wa kwingine, akaendelea kusoma la pili na la tatu, yote majina ya waume, yote watoto wa kiume, kama yalivyo kwenye orodha ya katibu, maana kwenye vikao wanaokwenda kuandikwa ni wanaume. Alipofika la tano akaona hakuna anayemsikiliza. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

Mama akasimama. Mama yangu hapandishi sauti, na hakuipandisha.

"Mwalimu, nani kakwambia shamba lile la Wilfred? Mama yangu kazikwa mle. Bibi yangu kazikwa mle. Huyu Wilfred nilimkaribisha mimi."

"Kweli nilikaribishwa," baba akasema haraka, bila kuulizwa.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mtu wa nyuma akasema sasa ameelewa mradi huu umekuja kufanya nini. Mwingine akasema ndivyo hati zinavyoanza, leo jina ukutani, kesho tajiri na nondo zake za uzio. Miaka ile watu walikuwa wameona viwanda vikiuzwa na mashamba makubwa bondeni yakibadilisha wenyewe, hofu haikuwa mbali. Mjomba Kobelo akainua fimbo, wakanyamaza. Akauliza jambo moja tu: mkono ulioandika maneno yale ni wa nani? Mwenye mkono huo, alisema, leo atabaki hapa na wajomba wa mashamba yote haya, na atatueleza nani amemtuma.

Leonard alitazama mlango. Mlangoni wamesimama wajomba wawili. Akamtazama Bi. Ester, naye amekunja mikono. Jasho lilimlowanisha kola, nami nikalifurahia kila tone lake, sioni aibu kusema.

"Wazee wangu, kazi hii si yangu," alisema. "Ni ya huyu binti. Mwanvita ndiye aliyeitengeneza."

Mwanvita akainuka kutoka sakafuni, akapangusa vumbi la gauni.

"Rudia, mwalimu. Walioko nyuma hawajasikia."

"Yote ni yake. Toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi niliweka jina langu tu."

Kama kuna pepo ya wenye vinyongo, mimi niliiona asubuhi ile. Wiki kumi za karanga zangu zilirudi zote. Nilitamani Twalibu angekuwepo.

Mwanvita akawasalimia wazee shikamoo, akaomba ruhusa, akatoa flopi kwenye pochi yake akampa Bi. Ester. Ukutani ukatokea ukurasa ule ule alivyouacha yeye. Haukuwa na jina la mtu. Katikati ya nafasi nyeupe palikuwa na mstari mmoja, na Bi. Ester akausoma kwa sauti: ukurasa huu usijazwe mpaka akina mama na wajomba wa kila shamba waulizwe. Halafu akamuuliza Leonard nani aliufuta mstari huu na kuandika yale mengine. Leonard akatazama tena mlango.

Wajomba walimtoza mbuzi. Alimnunua pale pale Matombo kwa bei ya mgeni. Alirudi mjini kiti cha nyuma cha gari la mradi katikati ya mabunda ya nyaya, na mwezi haukuisha akaondoka Morogoro. Nafasi ya masomo ikawa ya Mwanvita, na kabla gari halijaondoka Bi. Ester alilifuta jina la Leonard mbele ya watu wote, akaandika la Mwanvita, tena kwa kumuuliza herufi kwa herufi.

Nilidhani tumemaliza. Watu walipotoka kwenda kula, mama akamwita Mwanvita pembeni, mimi nikiwepo.

"Mwanangu, ulijua kuwa atakosea?"

Mwanvita angeweza kusema hapana. Zaidi ya Leonard, ambaye sasa hakuna ambaye angemwamini, waliosikia lile la jaza unavyoona ni mimi na Twalibu tu.

"Nilijua, mama."

"Toka lini?"

"Wiki tatu."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Wiki tatu unajua kaburi la mama yangu litasomwa kwa jina la mwana wa Turiani. Ukaja, ukakaa pale chini, ukasubiri."

Mwanvita akasema ndiyo, alisubiri. Akasema hakuwa na njia nyingine ya kumfanya yule mtu aseme. Hakulia wala hakuomba msamaha. Alisimama tu, mikono imeshikana, akamtazama mama usoni. Wiki kumi nilijiona nimo ndani ya kisasi kile, kumbe nilikuwa mchezaji tu, na shamba letu ndilo lililowekwa mezani.

Mama hakumtoza mbuzi. Alimwambia kabla ya kwenda Dar atapanda mlima kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kwa kila shamba lililoandikwa kwenye ule ukurasa, akae na mama wa shamba na mjomba wake, aandike walivyomwambia. Yalikuwa mashamba ishirini na sita. Mwanvita aliyapita yote kwa wiki mbili, viatu vikaisha, akamalizia na kandambili za mama. Mimi nilikuwa naye siku chache za kwanza na za mwisho. Njiani tuliongea kidogo. Nilimuuliza kama angerudia. Akasema angerudia, ila angemwambia mama yangu kwanza. Nikamuuliza na mimi je? Akasema mimi nisingeweza kuficha furaha usoni. Hapo alinijua.

Ukurasa wa mashamba upo mpaka leo ninapoandika, majina ya akina mama upande wa kushoto, koo zao upande wa kulia, na nafasi ya mshono pande zote. Mwanvita alibaki Dar baada ya masomo. Anaishi kwa kazi hiyo, na Jumapili ana meza ya wachezaji huko Magomeni.

Siku aliyomaliza shamba la mwisho, lililokuwa letu, tulikaa na mama tukimenya ndizi hatua chache kutoka makaburini. Mwanvita alikuwa ameshateremka kuwahi lori. Mama akaniuliza bila kuinua macho, mimi mwanawe, laiti ningeambiwa mapema, ningemzuia?

Nikamwambia ningemzuia, mama. Akaridhika, akaendelea kumenya. Akilini nilimwona Leonard tena pale ukumbini, kola imelowa, akirudia kwa sauti ili wa nyuma wasikie, nikajua kwamba nimemdanganya mama yangu mbele ya kaburi la mama yake.